Makumbusho ya Reli Lubumbashi: Karatasi Kwanza, Kichwa cha Treni Baadaye

Wazo la kuupa mji wa Lubumbashi makumbusho ya reli likizuka, mazungumzo hukimbilia kichwa cha treni cha mvuke: kitapatikana wapi, kipakwe rangi gani, kisimamishwe kwenye uwanja upi. Mpangilio huo umepinduka. Chuma kilichopakwa grisi na kuezekwa kinaweza kungoja miaka mitano mingine bila kuharibika sana. Madaftari ya gare, yaani stesheni, hayawezi. Michoro ya karakana haiwezi. Na mzee aliyeanza kutia makaa akiwa na miaka 20 mwaka 1965 sasa amefika 80. Anayetaka makumbusho yenye maana aanze na vile vinavyokufa haraka.

Mji wenyewe unadai kazi hiyo, kwa sababu umezaliwa na reli. Daraja la Victoria Falls lilifunguliwa 1905, njia ikafika Broken Hill (leo Kabwe) 1906, ikapita Ndola, ikagusa mpaka wa Kongo pale Sakania Desemba 1909. Kutoka Sakania, Kampuni ya Reli ya Katanga (CFK) ilitandika kilomita 255 hivi, na treni ya kwanza ikaingia Élisabethville (leo Lubumbashi) mwishoni mwa Septemba 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Juni 1911 tanuri la Lubumbashi likamwaga shaba yake ya kwanza. Bila reli, mawe ya mgodi wa Étoile yangebaki mawe.

Baadaye BCK, kampuni ya reli ya Bas-Congo hadi Katanga iliyoundwa 1906 pamoja na kampuni ya madini ya Union Minière, ndiyo iliyobeba ramani iliyobaki. Reli ilifika Bukama kwenye mto Lualaba 1918. Mwaka 1928 ilimalizika ile ndefu kupita zote, kilomita 1,123 kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa wakati huo Port-Francqui. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ikaunganishwa na reli ya Benguela, kilomita 1,344 ndani ya Angola hadi bandari ya Lobito.

Sasa tazama jinsi karatasi inavyoshinda chuma. Mgeni akionyeshwa kichwa cha treni cha miaka ya 1930 ataondoka akijua kwamba kilikuwa kikubwa na cheusi. Akionyeshwa kitabu cha bei za mizigo cha miaka hiyohiyo, kimefunguliwa kando ya ramani, ataelewa siasa nzima ya Katanga. Shaba ingeweza kushuka Lobito kwa reli peke yake. Wabelgiji walitaka ipite ndani ya koloni lao: reli hadi Ilebo, mashua kwenye Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, reli tena kilomita 366 hadi Matadi, ndipo meli. Mzigo ule ulipakiwa na kupakuliwa mara tatu kabla ya kuiona bahari, na ili wafanyabiashara wakubali mzunguko huo, bei ya kubebea ililazimika kupangwa kwa makusudi. Jambo hilo halionekani kwenye pistoni. Linaonekana kwenye safu za tarakimu za kitabu chenye jalada lililochanika, kitabu ambacho mtu anayesafisha ofisi ya zamani anaweza kukichoma mchana mmoja bila kujua.

Nairobi inathibitisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Makumbusho yake ya reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni, yana mashine ya kutisha: Garratt nambari 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59, tani zaidi ya 250, boila moja katikati na seti mbili za magurudumu mbele na nyuma ili uzito usambae kwenye reli nyembamba na mashine iweze kukata kona. Ni kazi nzuri sana ya kiwanda cha Beyer Peacock. Hata hivyo wageni wengi huulizia behewa la mbao nambari 12, ambamo simba alimvuta na kumuua afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, Juni 1900. Behewa hilo bila maandishi yake lingekuwa sanduku la mbao kuukuu. Linavuta watu kwa sababu kuna mtu aliyetunza nambari, tarehe, jina la mahali na ushahidi wa waliokuwepo. Livingstone nako, kwenye yadi ya zamani ya kampuni ya mbao ya Zambezi Sawmills, mgeni anayejua kwamba mbao za Mulobezi zilikatwa kuwa mataruma ataona mambo ambayo asiyejua hatayaona.

Kwa hiyo mtembeleaji wa makumbusho yoyote ya reli afundishwe kusoma vitu. Achukue futi ya kupimia na tochi ndogo.

Aanze chini. Apime kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli moja hadi uso wa ndani wa nyingine, milimita 14 hivi chini ya mgongo wa reli, kwa sababu mgongo wenyewe hulika na kudanganya. Njia yetu itampa milimita 1,067: kipimo cha kusini mwa Afrika, kilekile cha Zambia, cha Benguela na cha Tazara, ndiyo maana behewa la Lubumbashi linaweza kuvutwa hadi Lobito au Kapiri Mposhi bila kubadilisha magurudumu. Akipata 1,000 yuko kwenye historia nyingine: reli ya Kenya na Uganda, reli ya kati ya Tanzania, au kwetu ile ya CFL, kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyofika Kalemie mwaka 1915. Njia ya CFL ilipanuliwa kuwa 1,067 katikati ya miaka ya 1950, wakati wa kujenga kiungo cha Kamina na Kabalo, lakini kipande cha Kisangani hadi Ubundu kimebaki na mita moja. Kupanua njia ni kung'oa misumari au kulegeza vibano vya upande mmoja, kusogeza reli milimita 67, kufunga upya, na kubadilisha nafasi ya magurudumu yote kwenye ekseli zake. Milimita 67 ni upana wa vidole vinne hivi, na vidole hivyo vinne vilitosha kuzuia behewa la njia moja lisipite kwenye nyingine. Makumbusho yakitandika vipande viwili vya mita tano, kimoja cha 1,000 na kimoja cha 1,067, sambamba, yatakuwa yamefundisha hilo kwa gharama ya mataruma machache.

Ubavu wa reli nao husomeka. Kiwanda kilichotengeneza chuma hicho kiliacha herufi zilizovimba: jina la kiwanda, mwaka, mara nyingi uzito kwa mita. Reli nyepesi ya kilo 29 na nzito ya kilo 40 zinatofautiana hata kwa jicho. Taruma la chuma lenye umbo la sahani iliyofudikizwa linaeleza vita na mchwa. La mbao lina habari ya msitu.

Kwenye kichwa cha mvuke, kibao cha mtengenezaji hutaja mji, nambari na mwaka. Kisipokuwepo, tafuta nambari zilizogongwa kwa muhuri kwenye fito zinazounganisha magurudumu. Mafundi waligonga nambari ya mashine kwenye kila kipande ili vipande visichanganyike karakanani, na mara nyingi utakuta nambari mbili tofauti, ishara kwamba mashine moja ilikula viungo vya nyingine. Hesabu ekseli: 1-D-1 maana yake ekseli moja ya kuongoza, nne za kuvuta, moja ya nyuma. Bomba la moshi lenye tumbo pana na wavu ndani linasema mashine ilichoma kuni na ilihofiwa kuwasha nyasi za kiangazi.

Kisha omba kuona mirija ya moto. Hapa Katanga hiyo ndiyo sehemu yenye somo kubwa, na viongozi wengi wa wageni huiruka. Maji yetu ya ardhini hupita kwenye miamba ya dolomiti, hubeba chokaa. Yakichemka, chokaa hubaki na kujenga ukoko juu ya mirija na juu ya dari la sanduku la moto. Ukoko huzuia joto lisiingie majini; chuma chenyewe ndicho kinachopata moto, kinavimba, mwisho kinapasuka. Ndiyo maana boila ilizimwa kila baada ya siku kadhaa, ikaachwa ipoe polepole, vizibo vya pembeni vikafunguliwa na matope yakasukumwa nje kwa maji yenye nguvu. Aliyeharakisha kupoza alivunja misumari ya ndani inayoshikilia kuta. Na juu ya dari la moto kulikuwa na kizibo chenye risasi: maji yakipungua hadi dari libaki kavu, risasi huyeyuka, mvuke hushuka kuufifisha moto na kumwonya dereva. Kizibo kimoja kilichoyeyuka, kikiwekwa kwenye kabati na maelezo ya sentensi tatu, kinafundisha kuliko saa nzima ya kuzunguka mashine iliyopakwa rangi.

Turudi kwenye karatasi, maana ndizo zenye haraka.

Zinazotafutwa ni hizi: vitabu vya bei, ratiba za kazi (za wafanyakazi, zenye nyakati za kupishana, ambazo abiria hawakuziona), madaftari ya gare, kadi za matengenezo ya kila mashine, ripoti za ajali, picha, michoro, tiketi. Ziko kwenye ofisi, ndiyo, lakini nyingi ziko majumbani, Makomeno na kambi nyingine za zamani za reli, chini ya vitanda na juu ya makabati. Mvua za Novemba hadi Machi huleta takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Bati moja lililotoboka linatosha. Kusanya kiangazi, kuanzia Mei.

Hati ikifika isiingie moja kwa moja ghalani. Iwekwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, chumba cha pembeni, wiki mbili, ikikaguliwa kama kuna unga mpya wa wadudu. Wadudu wakionekana, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja huwaua, kwa sharti kwamba umeme haukatiki. Friza iliyoyeyuka katikati na kuganda tena huleta unyevu mbaya kuliko wadudu. Pasipo umeme wa uhakika, bora kutenga hati kwa muda mrefu na kuisafisha kwa brashi laini ukurasa kwa ukurasa. Ondoa pini, vibanio na mipira, vyote hutia kutu au gundi. Andika nambari kwa penseli laini ya 2B nyuma, pembeni: mwaka, fungu, kipande. Nambari hiyohiyo iingie kwenye daftari la mapokezi pamoja na jina la mtoaji, tarehe, na kama ametoa moja kwa moja au ameazima. Makumbusho mengi yameingia mahakamani kwa kukosa mstari huo mmoja. Rafu ziwe za chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni na kutoka ukutani, ili njia ya mchwa ionekane kabla haijafika.

Makosa mawili yanarudiwa sana. La kwanza ni kuifunga hati ndani ya plastiki ya moto, kama tunavyofanya kwa kadi ya uchaguzi. Joto na gundi huunganika na karatasi, na haitatoka tena. La pili ni kuchanganya michoro. Ile ya bluu yenye mistari myeupe hufifia kwenye mwanga na huharibiwa na karatasi zilizotiwa chokaa, zilezile zinazouzwa kwa ajili ya kuhifadhia nyaraka. Iwekwe kwenye karatasi isiyo na asidi wala chokaa. Michoro ya baadaye yenye harufu kali ya kemikali hupaka majirani zake umanjano, kwa hiyo ikae peke yake. Filamu zinazonuka siki zitolewe chumbani mara moja, kwa kuwa mvuke wake huharakisha kuoza kwa nyingine.

Kunakili hakuhitaji mashine ya gharama. Simu nzuri kwenye stendi iliyotulia, taa mbili za pembeni kwa nyuzi 45, bila mwanga wa ghafla, na rula ndani ya picha ili ukubwa ujulikane. Kwa skana, alama 300 kwa inchi zinatosha maandishi, 600 kwa picha. Nakala tatu, moja ikae nje ya jengo.

Wazee nao wana utaratibu wao. Swali la jumla kama "kazi ilikuwaje?" huleta jibu la jumla. Uliza kwa mpangilio wa kazi: baba, kwa treni ya saa kumi na mbili asubuhi mlikuja saa ngapi kuwasha moto? Boila baridi ilidai saa sita hadi nane, na humo ndani ndimo yalimo majina ya vifaa, ya wakubwa, ya adhabu, ya nyimbo. Mpe mkononi koleo la makaa au picha ya gare. Mkono hukumbuka kabla ya mdomo. Saa moja na nusu inatosha, kisha rudi siku nyingine. Rekodi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, Kibemba au Ciluba, vyovyote anavyoongea nyumbani, na usimlazimishe Kifaransa. Mlipie usafiri, iachie familia nakala. Wengi wao wamesubiri haki zao za mwisho wa kazi kwa miaka. Mtu anayekuja kuchukua kumbukumbu bila heshima hiyo ndogo atakuwa ameongeza deni. Na mama aliyeuza chakula kwa abiria au aliyeishi kambini miaka 40 anajua ratiba ya treni kuliko daftari. Asiachwe nje.

Kuna chumba ambacho wapangaji watataka kukiruka. Reli iliyowaleta watu ndiyo iliyowaondoa. Kuanzia 1910 shirika la kuajiri la Bourse du Travail du Katanga lilikusanya wafanyakazi vijijini kwa njia ambazo mara nyingi hazikuwa za hiari, na baadaye njia ya Ilebo ikaleta familia nyingi za Kasai, ambao wengi wakawa makarani na mafundi wa BCK. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya Wakasai walifukuzwa Katanga, wakalala kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kaskazini, na wengi walifia hapo na njiani. Makumbusho ya reli yatakayosimama Lubumbashi yakanyamaza juu ya jambo hilo yatakuwa yamesema uongo kwa wageni waliofiwa na ndugu kwenye majukwaa yaleyale. Litajwe kwa tarehe, kwa majina ya gare, kwa sauti za waliokuwepo wa pande zote, bila kuchochea. Ajali nazo zitajwe, kama treni ya mizigo iliyopinduka karibu na Kamina Aprili 2014 ikiwa imejaa watu juu ya mabehewa, ikaua makumi. Pembeni yake uwekwe mchoro unaoeleza kwa nini njia iliyochakaa na mwendo usiofaa kwenye kona huangusha treni.

Baada ya hayo yote, kichwa cha treni kije. Kikiwa kimoja tu, kiwe cha umeme, hata kama moyo wa wengi uko kwenye mvuke. BCK ilianza kuweka nyaya kati ya Likasi na Tenke mwaka 1952, kwa mkondo wa hezi 50, uleule wa gridi ya kawaida, miongoni mwa njia za mwanzo duniani kufanya hivyo kwa kazi nzito. Iliwezekana kwa sababu mabwawa ya Union Minière yalikuwa jirani: Mwadingusha tangu 1930, Koni 1950, Nzilo 1952. Mashine hiyo ni yetu kwa namna ambayo mashine ya mvuke, iliyofanana na za nchi nyingine, si yetu. Ila mafuta ya transfoma yapimwe maabara kabla ya yeyote kuifungua: transfoma za miaka hiyo huweza kuwa na PCB, sumu inayoingia mwilini kupitia ngozi, na haimwagwi ardhini.

Cha mvuke nacho kikipatikana, kazi ya kwanza si rangi. Fungua chumba cha moshi, toa majivu yote. Majivu ya makaa yakinyeshewa hutoa asidi inayotoboa bati la chini kutoka ndani huku nje kunang'aa. Mwaga maji ya boila, acha vizibo vya chini wazi vikiwa na wavu wa kuzuia nyigu na panya, funika bomba la moshi. Blanketi lililo chini ya bati la boila huenda ni asbesto: asiliguse mtu bila mtaalamu, barakoa ya kiwango cha P3, kulilowesha na mifuko miwili. Rangi ya zamani ina risasi, isisuguliwe kavu. Vyombo vya shaba na shaba nyeupe, yaani filimbi, vioo vya maji, vibao, ving'olewe siku ya kwanza, vipewe nambari, vifungiwe ndani, na nakala za plastiki zikae mahali pake, maana wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, hawachagui historia. Magurudumu yakae juu ya reli halisi na kokoto zenye mfereji wa maji, kamwe yasimwagiwe saruji, kwani saruji hushika unyevu na kuila chuma chini. Fedha zikitosha kwa kitu kimoja tu kati ya rangi na paa, nunua paa, lenye ukingo uliotoka mita mbili kila upande.

Na kabla kreni haijaletwa, mkataba uandikwe: nani mwenye mashine, nani analipa mlinzi wa usiku, na nani ana haki ya kukataa ikiwa siku moja mtu atakuja na mizani na bei ya kilo.